Imehifadhiwa wapi?

Simu iliita saa kumi na moja jioni, Jumatatu tarehe 15 Aprili 2024, siku tano baada ya Idi. Jina la Mama Mkubwa kwenye kioo. Nilishtuka, maana saa hiyo huwa hanipigii. Saa hiyo yuko kwenye kikoba, kikundi chao cha akiba na mikopo, sanduku liko wazi katikati ya mkeka, na yeye ndiye katibu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mwanangu, ya Jumatatu iliyopita siyaoni."

"Huyaoni nini?"

"Yote. Mikopo yote ya Idi. Yameishia tarehe mosi."

Nikamwambia afunge programu, aifungue tena. Nyuma yake nilisikia mtoto analia, na mwanamke mmoja akisema, bila hasira yoyote, kwamba si warudi tu kwenye kaunta buku. Tukakata simu ili aizime na kuiwasha. Akapiga tena. Yameishia tarehe mosi.

Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeulizia njia: "Lakini iliniambia imehifadhiwa. Ile alama ya kijani nimeiona kwa macho yangu. Sasa imehifadhiwa wapi?"

Nikamjibu nitaangalia.

Nimelala na swali hilo wiki kumi.

## Daftari

Programu ile niliiandika mimi, mwaka 2022, kwa ajili ya mtu mmoja tu. Macho ya Mama Mkubwa yalikuwa yameanza kumsumbua, na kwenye kioo cha simu herufi unaweza kuzikuza hadi zikatosha. Ni ukurasa wa wavuti uliokaa kwenye simu kama programu nyingine. Unafunguka hata bando likiwa limeisha, na kila kinachoandikwa kinabaki mle mle ndani ya simu. Niliipa jina Daftari. Yeye mwenyewe aliniamuru niweke kwenye ukurasa wa kwanza maneno yaliyokuwa kwenye jalada la kaunta buku lake la zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mnaweza kucheka. Mimi wakati huo sikuweza.

Fedha hazikupotea, hilo niliseme mapema. Kila mwanachama ana kitabu chake kidogo cha hisa, chenye mihuri upande mmoja na mikopo upande wa pili. Jioni ileile walivikusanya vyote, wakasomeana, na hesabu ya tarehe 8 Aprili ikarudi kabla ya magharibi. Kilichopotea ni yale ya pembeni. Mama Mkubwa haandiki tarakimu peke yake. Huandika nani ameomba asubiriwe na kwa nini, nani asipigiwe simu nyumbani, nani amekopa kwa jina lake ila mzigo ni wa mwanawe. Mkutano wa mwisho kabla ya Idi ndio mkutano ambao watu husema mengi ya namna hiyo.

Hayo hayakuwa kwenye kitabu cha mtu yeyote.

## Kila mtu alikuwa na jibu

Nilipowaeleza wenzangu kazini, sikumaliza sentensi. Unahifadhi kwenye simu? Zama hizi? Binamu yangu, ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, aliniambia vilevile: "Si ungeweka kwenye wingu tu," yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Simu huibwa, huanguka ndooni, hupelekwa kwa fundi akairudisha ikiwa tupu kama imetoka kiwandani. Yote kweli. Nikakubali kwamba kosa langu lilikuwa mahali pa kuhifadhi.

Na nilikuwa na mshukiwa tayari. Tangu mwaka 2020, Safari, kivinjari cha Apple, hufuta data ambayo tovuti imeiweka kwenye kifaa ikiwa mtumiaji amekitumia kivinjari kwa siku saba bila kuigusa tovuti hiyo. Siku saba! Kutoka Jumatatu hadi Jumatatu, na katikati sikukuu, Mama Mkubwa hakuifungua Daftari hata mara moja. Nilifurahi kama polisi aliyekuta alama za viatu.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipokumbuka kwamba Mama Mkubwa hatumii Safari, simu yake ni Android. Isitoshe, ufutaji wa namna ile haubakizi kitu, wala hauchagui tarehe. Kwake kila kitu cha kabla ya tarehe 8 kilikuwepo, hadi nukta.

Hapo ndipo ningesimama. Kwa nini yaishie pale pale? Swali lilikuwa zuri, nami nikalipita kama mtu anavyompita anayemdai, kwa upande wa pili wa barabara. Kuhamia kwenye wingu kulionekana kazi ya kueleweka: unakodi seva, unajenga ghala la data, unaweka kuingia kwa namba ya simu na ujumbe wa uthibitisho. Usiku wa wiki mbili unatosha. Kutafuta kosa ambalo hulijui hakuna idadi ya usiku.

## Nilichokisoma

Mwanzoni mwa Mei nilikuwa nimehamisha maandishi yake ya zamani hadi kwenye seva niliyokodi, huko Ulaya. Kuhakikisha yamefika salama, nikafungua jedwali na kusoma mistari michache. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Unachagua mistari mitano, unalinganisha.

Mstari wa tatu ulisema: "Mume hajui. Usimtaje."

Mwanamke huyo namfahamu. Mumewe namwamkia nikienda Tanga.

Nilifunga laptopu. Sikuwa nimefanya jambo baya kwa kukusudia, lakini nilikuwa nimeingia chumba ambacho sikukaribishwa, na kilichonitisha ni wepesi wa mlango wenyewe. Kwa miaka miwili maneno hayo yalikuwa kwenye simu moja, kwenye mkoba mmoja, chini ya kwapa la mwanamke mmoja. Sasa yalikuwa yanasomeka na mimi, na yeyote atakayepata neno langu la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika hapa Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na najua wapo wenzangu wanaoiona kama karatasi za kujaza. Mimi usiku ule niliiona ina sura ya shemeji wa watu.

Ningeweza kuyafunga kwa ufunguo kabla hayajatoka kwenye simu, nisiweze kuyasoma hata nikitaka. Nilijaribu. Lakini ufunguo huo lazima mtu aukumbuke, na Mama Mkubwa neno la siri huliandika nyuma ya kalenda ya ukutani, sebuleni. Akilisahau, nimempotezea yote kwa mkono wangu.

Nikaendelea kujenga, nikiwa na doa moyoni.

## Tarehe 13 Mei

Jumapili tarehe 12 Mei, nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Mliokuwa nchini mnakumbuka. Kwa wengi wetu intaneti ilikuwa kama bomba la mtaani: ikitoka inatoka uzi, kisha inakauka.

Jumatatu yake ndiyo siku niliyokuwa nimeichagua kwa majaribio ya Daftari mpya.

Mama Mkubwa aliifungua mbele ya kikoba. Duara likazunguka. Akaniandikia ujumbe wa kawaida, maana WhatsApp nayo ilikuwa inasuasua: "Inazunguka." Baada ya dakika kumi: "Bado inazunguka. Watu wanasubiri." Sanduku wazi, wanawake 30 wamekaa, marejesho mkononi, na maandishi yao yapo salama kabisa huko Ulaya, hayana tatizo lolote, ila hakuna anayeweza kuyafikia.

Ujumbe wa tatu ulikuwa mfupi. "Tumetumia kaunta buku."

Hakulalamika. Ingekuwa nafuu angelalamika.

Usiku ule nilikaa na simu yangu isiyo na mtandao, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili nikajiuliza lile swali nililolikwepa. Yale ya tarehe 8 yalikuwa kwenye simu. Yale ya tarehe 13 yalikuwa kwenye wingu. Mara zote mbili Mama Mkubwa alibaki mikono mitupu. Basi mahali pa kuhifadhi huenda hapakuwa na hatia.

## Mstari mmoja

Ijumaa yake nilipanda basi kwenda Tanga. Jumamosi asubuhi, baada ya chai na mihogo, nikaichomeka simu yake kwenye laptopu na kuchungulia kile kijihazina ambacho kivinjari huipa kila tovuti. Kina nafasi ya takriban megabaiti 5. Chake kilikuwa kimejaa pomoni.

Sikuwa nimelifikiria hilo kwa sababu maandishi hayajazi kitu. Megabaiti 5 ni vitabu kadhaa. Lakini mwaka 2023 aliniomba awe anapiga picha risiti, nami nikaongeza kitufe cha kamera jioni moja tu, haraka haraka. Kijihazina kile hakipokei picha. Kinapokea maandishi peke yake. Kwa hiyo picha nilikuwa naigeuza kuwa mlolongo wa herufi, na picha ikigeuzwa hivyo hunenepa kwa theluthi moja. Tarehe 8 Aprili, mkutano wa Idi, alipiga picha nyingi kuliko siku zote.

Nikaufungua msimbo wangu, yale maagizo niliyoiandikia programu, sehemu ya kuhifadhi. Kwa Kiswahili unasomeka hivi: jaribu kuandika. Ukishindwa, usifanye kitu. Onyesha alama ya kijani.

Usifanye kitu.

Pembeni ya mstari huo kulikuwa na maelezo yangu mwenyewe, ya Agosti 2022: "nitarekebisha baadaye."

Kivinjari kilikuwa kimenipigia kelele kila alipobonyeza. Nafasi imeisha, nafasi imeisha. Nami nilikuwa nimekifunga mdomo kwa mkono wangu, kisha nikamwonyesha Mama Mkubwa rangi ya kijani. Jioni nzima aliandika, na kila alichoandika alikiona kiko kwenye kioo, kwa sababu kilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda ya simu. Usiku chaji ikaisha. Hapo ndipo yalipokwenda.

Nilimweleza, nikitafuta maneno. Alinisikiliza huku anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo ilinidanganya."

"Mimi ndiye niliyeiambia iseme hivyo."

"Haya," akasema, na kunisogezea ungo. "Nisaidie na hizi chuya."

## Isome

Jioni nikamuuliza walipokuwa wadogo chuoni walikuwa wanahifadhi vipi. Nilitaka kubadilisha mazungumzo tu, sikuwa na maana kubwa. Akasema maalimu wao hakuwa mtu wa kukubali maneno. Ukija kumwambia, maalimu nimehifadhi sura hii, hakukuandikia popote wala hakukupongeza. Alikunyang'anya msahafu, akakwambia neno moja tu: isome.

Nikauliza na kesho yake?

"Kesho yake unaanza na ya jana. Huendi mbele."

Ndipo nilipokumbuka jinsi kikoba chenyewe kinavyofungwa. Wengi wenu mmewaona mama zenu: sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika wanawake watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne. Sehemu ambayo watu hawaizungumzii sana ni ile ya mwisho. Fedha zikishahesabiwa, mweka hazina anataja kiasi kwa sauti, na mwenyekiti anawaambia: kihifadhini. Hawaandiki. Wanakishika kichwani. Mkutano ujao, kabla sanduku halijafunguliwa, mtu yeyote anaweza kuulizwa, zilikuwa ngapi? Mtindo huu wa vikundi ulianzia Niger mwaka 1991, kwenye mradi wa shirika la CARE, miongoni mwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma. Ilibidi ufanye kazi bila karatasi.

Mimi nimesomea kompyuta miaka mitatu, na neno hifadhi nimelibandika kwenye vitufe sijui mara ngapi. Sikuwahi kulisikia.

## Nilivyorekebisha

Wale wasiopenda msimbo warukie sehemu ya mwisho, sitakasirika.

Nimeirudisha Daftari ndani ya simu. Nimeachana na kijihazina cha megabaiti 5 na kuhamia IndexedDB, ghala kubwa zaidi la kivinjari, ambalo hupokea picha kama picha. Picha sasa ziko kapu tofauti na maandishi, zisije zikajaza nafasi yote zikafunga mlango kwa wote.

Alama ya kijani ndiyo iliyonichukua siku nyingi. IndexedDB hukujibu mara mbili: kwanza kwamba ombi limetekelezwa, baadaye kwamba muamala umekamilika. Mifano mingi niliyojifunzia hushangilia lile jibu la kwanza. Nikasubiri la pili, nikadhani nimemaliza, kisha nikagundua kwamba tangu toleo la 121 la Chrome, mwanzoni mwa mwaka 2024, hata "umekamilika" kwa kawaida humaanisha tu kwamba maandishi yamekabidhiwa mfumo wa simu. Si lazima yawe yamefika chini kabisa, kwenye chombo chenyewe cha kuhifadhi. Ukitaka yafike ndipo ujibiwe, unaomba hivyo waziwazi, na unakubali ucheleweshaji kidogo. Nimeomba. Mama Mkubwa anaandika mistari 60 kwa jioni; hakuna atakayeuhisi.

Baada ya hapo programu inausoma tena mstari ule na kuulinganisha na alichoandika. Hapa lazima nijikosoe: kusoma papo hapo ni sawa na mtoto anayesoma msahafu ukiwa bado wazi mbele yake. Inawezekana simu inanirudishia kilichomo akilini mwake kwa wakati huo. Jaribio la kweli ni la kesho yake.

Kwa hiyo mwisho wa mkutano Daftari inaonyesha namba moja kubwa: idadi ya mistari yote iliyomo. Mwenyekiti sasa anaitaja pamoja na fedha. Sanduku shilingi kadhaa, daftari mistari kadhaa, hifadhini. Jumatatu inayofuata programu inahesabu upya kutoka kwenye ghala, na wanawake ndio wanaosema kama ndiyo yenyewe. Nilijaribu kutafuta njia ya kuifanya programu ijihakiki peke yake. Kila njia niliyoipata ilimtaka mtuhumiwa awe shahidi wake mwenyewe.

Nakala zinakwenda kwa wale watatu wenye funguo, faili la maandishi matupu linalofunguka kwenye simu yoyote hata bila Daftari, kwa Bluetooth, bila bando. Simu ya mmoja wao ni ya zamani na bado inalikataa faili. Kwake tunaandika kwa mkono.

Yale ya pembeni hayaendi. Hilo tulibishana. Mimi nilitaka nakala ya kila kitu, hata ikibidi imefungwa, kwa sababu yale ndiyo yaliyopotea Aprili na ndiyo yaliyomuumiza. Mama Mkubwa akakataa. Alisema waliomwambia walimwambia yeye, hawakuwaambia wenye funguo.

"Na simu ikiibwa?"

"Itakuwa imeibwa."

Kama fundi, siipendi hali hiyo hata kidogo. Kuacha kwa makusudi data isiyo na nakala ni jambo ambalo ningemkemea mwanafunzi. Nimeiacha hivyo. Kuna sanduku dogo la rangi ya njano juu ya sehemu ile, linasema: haya yapo kwenye simu hii tu. Maneno hayo niliyasoma mbele yake mara mbili, akayakubali.

Seva ya Ulaya niliifuta. Jedwali kwanza, kisha seva yenyewe.

## Idi ya pili

Neno "Imehifadhiwa" halipo tena kwenye Daftari. Linalotokea ni: "Imeandikwa kwenye simu hii, nimeisoma tena," na saa. Ni refu, limeharibu mpangilio wa vitufe, na rafiki yangu mchora michoro ya programu alipoliona alishika kichwa.

Jumatatu tarehe 24 Juni, baada ya Idi ya kuchinja, nilikuwa Tanga na nikaruhusiwa kukaa kibarazani, nje ya mlango. Mkutano ulianza kwa fedha, kisha mistari. Mwanamke mmoja akataja namba, mwingine akamsahihisha, simu ikakubaliana na yule wa pili.

Katikati ya marejesho nikasikia kimya.

"Imekuwa nyekundu," Mama Mkubwa akasema.

Nikasimama. Nikakaa tena, kwa kuwa hakuwa ameniita. Alisogeza simu mbali na macho akasoma kwa sauti, neno kwa neno, watu wote wasikie: "Haijaandikwa. Simu imejaa. Punguza vitu, kisha ubonyeze tena."

"Punguza basi," mwenyekiti akasema. "Sisi tupo."

Wakasubiri. Mtu akamimina chai. Mama Mkubwa akafungua WhatsApp na kuanza kufuta video za salamu za Idi alizotumiwa, moja baada ya nyingine, na kila moja aliitazama kwanza hadi mwisho.

Ya tano akawaonyesha na wenzake.